Mpira wa Babu

Babu alikuwa na mpira. Usicheke, msomaji, si wa kuchezea. Tezi dume ilivimba ikaziba mkojo, na hospitalini Mtwara mjini wakampitishia mpira hadi kibofuni, wa kumwaga kwenye mfuko wa nailoni. Wakamwambia arudi kuubadilisha baada ya wiki 4. Babu akahesabu wiki, akahesabu na nauli kutoka Msimbati. Akanyamaza.

Wiki ya 7, usiku, akaniita. Mfuko mkavu tangu adhuhuri, tumbo chini ya kitovu limekaza kama ngoma.

"Mjukuu wangu, uvute huu mpira. Nakufa."

Nikaushika. Aisee, bado kidogo niuvute!

Jirani yetu, bibi aliyewahi kufanya usafi wodini, akanidaka mkono. "Ndani kuna puto la maji, ndilo linaushikilia. Ukilivuta hivyohivyo utamchana njia yote. Linanyonywa maji kwanza, kwa bomba la sindano."

Akanifanya niukague mpira wote, pengine umejikunja au babu ameulalia. Hamna. Nikaushusha mfuko chini ya kiuno. Hata tone. Basi, uchafu umegandia ndani, hospitali tu.

Nikataka kupiga 115. Bibi akatikisa kichwa: hiyo ni ya m-mama, ya wajawazito, wazazi na vichanga. Ilianza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, na sina ugomvi nayo hata kidogo. Ila mzee mwenye mpira ampigie nani?

Tukampakia kwenye bodaboda, babu katikati, mimi nyuma, mkono mmoja umemkumbatia, mwingine umeshika mfuko uning'inie chini. Mchanga wa Msimbati mnaujua. Kila tairi likizama, babu alining'ata kwa kucha.

Tulipofika Madimba, mitambo ya gesi inawaka taa kama mji. Kutoka pale bomba la inchi 36 linakwenda hadi Dar es Salaam, tangu 2015. Babu, na maumivu yote yale, akasema, "Lile likiziba, wanakuja usiku huuhuu."

Nesi alinyonya maji ya puto, akautoa mpira, akaingiza mpya. Mkojo ulitoka zaidi ya lita moja. Babu alilia kwa sauti, mbele yangu, mara ya kwanza maishani mwangu. Mimi nikatazama ukutani.

Nesi akaandika tarehe ya kurudi. Babu akaikunja karatasi, akaniuliza yule kijana wa bodaboda, anayesubiri nje, tunamlipa nini.