Mlima na Kitambaa Cheupe

Mkazi wa Sombetini hatoi kiingilio ili auone mlima. Asubuhi isiyo na wingu hufungua mlango akamkuta Meru amesimama upande wa kaskazini, mrefu kupita mita 4,500, naye huenda zake kazini bila ya kupiga makofi. Desturi ya kukusanya watu gizani wautazame mlima kitambaani ilizaliwa mbali. Mji wa Trento, katika Italia, ulianzisha tamasha la filamu za milima mwaka wa 1952, na miji mingine ikafuata. Ni desturi njema. Hutukuza theluji, misitu, wanyama, na ushujaa wa wapandao majabali. Ikifika Sombetini siku moja, swali litakuwa ni filamu gani itangulie.

Wengi watataja Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotolewa mwaka wa 1962, na ambayo sehemu zake kubwa zilipigwa katika nchi iliyo chini ya Meru. Haistahili kubezwa. Vifaru na twiga waliokimbizwa kwa magari walikuwa wanyama wa mwitu hasa, na John Wayne na wenzake waliwakabili wenyewe. Ndama wa tembo wanaouvuruga mji wa Arusha mwishoni mwa hadithi huwachekesha watoto hata leo. Mchezaji mmoja, Hardy Krüger wa Ujerumani, alipendezwa na Momella hata akafanya shamba na makazi pale.

Walakini aitazamaye bila ya kujua habari nyingine atadhani kuwa nchi ile ilikuwa ya wanyama, na ya wale waliokuja kuwakamata. Mwenyeji huonekana akishika kamba, au akicheza ngoma ya kumtukuza mgeni, kisha hutoweka.

Si mbali na Momella ndipo palipo Engare Nanyuki. Novemba 1951, miaka isiyotimia kumi kabla ya kamera hizo kufika, serikali ya kikoloni iliwahamisha huko kwa nguvu Wameru wapatao 3,000. Nyumba zao zilichomwa moto, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, na mwaka wa 1952 Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, alifika New York kuliweka shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ndio mwaka ule ule wa Trento! Ulaya ilipokuwa ikitazama milima ikipandwa, mtu wa mlimani alikuwa akieleza ugenini jinsi watu wake walivyofukuzwa. Kura za kutosha hazikupatikana katika Baraza Kuu. Wawili hao waliandika kitabu juu ya shauri hilo, kikatolewa mwaka wa 1967. Kitabu hicho husomwa na wanafunzi wachache, na Hatari! hutazamwa na dunia.

Basi tamasha la Sombetini na lionyeshe Hatari! bila ya kinyongo. Ikiisha, kitambaa kiachwe cheupe, na mzee wa Engare Nanyuki apewe kiti mbele yake aseme aliyoyaona. Waliokuwa watoto siku ile ya moto sasa wamepita miaka 75, na wengi wamekwisha kuzikwa pamoja na habari zao. Kijana wa Sombetini ana simu yenye kamera nyepesi kuliko zote alizozichukua Hawks, na safari ya kwenda Engare Nanyuki ni ya saa chache tu.