Nani Aliangusha Ndege

Tarehe 10 Juni 2008, habari zilifika Mulot na matatu za kutoka Narok. Waziri wa Barabara Kipkalya Kones, mbunge wetu wa Bomet, na Lorna Laboso wa Sotik walikuwa wametoka Wilson kwa Cessna ndogo ya injini moja, wakielekea Kericho. Kesho yake Ainamoi ilikuwa na uchaguzi mdogo. Ndege ilianguka Enoosupukia, Narok. Walikuwa watu wanne, hakuna aliyepona.

Kogo alizima redio akauliza: "Ni nani?" Hakuuliza ni nini. Na huwezi kumlaumu. Ainamoi yenyewe ilikuwa inapiga kura kwa sababu mbunge wake alipigwa risasi Januari.

Miaka minne baadaye, tarehe ile ile, helikopta ya polisi ikaanguka Ngong na Profesa Saitoti na Orwa Ojode. Kogo aliniangalia tu, kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikaanza kusoma ripoti za ajali kwa simu, nimtafutie jibu lingine. Niliyoisoma mara nyingi zaidi ni ya KQ 507, Douala, Mei 2007. Ilikuwa usiku wa mvua, kwa hivyo nilidhani ni mvua. Kumbe ndege ilikuwa nzima. Ilipaa, ikaanza kulalia kulia polepole. Rubani alitamka kwamba mtambo wa kujiendesha umeshika. Ulikuwa haujashika, na hakuna aliyehakikisha. Gizani sikio humdanganya mtu kwamba amekaa wima. Haikumaliza hata dakika mbili angani. Watu 114.

Ile ya Ethiopia ya Machi 2019 ni kinyume kabisa: marubani walipambana, ila kihisio kimoja kilidanganya na programu ikaendelea kusukuma pua chini. Watu 157, 32 wakiwa Wakenya.

Nilimweleza Kogo yote hayo tukipukuchua mahindi.

"Huyo wa Douala," akasema, "hakuwa na mtu kando?"

"Alikuwa naye. Rubani msaidizi, kijana."

"Hakuona?"

"Alisema kitu, lakini mwisho mwisho. Ripoti inasema mkubwa wake alikuwa mkali, naye mpole."

Kogo akachukua gunzi lingine.

"Alikuwa anamwogopa," akasema.