Maji ya Vyombo na Maganda ya Ndizi



Mimi ni mwalimu wa kujitolea, darasa la tano, hapa kambini Kigoma. Nikiita majina asubuhi, wanaokosekana wengi ni wasichana. Nikiuliza, jibu ni moja: "Mwalimu, wameenda kuni." Wamama mnajua kinachowapata watoto wa kike huko porini, sina haja ya kueleza.

Ndiyo maana somo la gesi sikuliandika ubaoni tu. Tulichukua chupa ya plastiki, tukatia maganda ya ndizi na mboga zilizooza, tumezikatakata vidogo vidogo. Tukaongeza maji tuliyooshea vyombo bila sabuni, maana sabuni inaua vijidudu vinavyofanya kazi, na kinyesi kidogo cha ng'ombe chenye vijidudu hivyo. Mdomoni tukafunga puto, chupa tukaiweka mahali pa joto, mbali na moto. Baada ya siku kadhaa puto likaanza kuinuka. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo puto nani amepuliza?"

Wamepuliza vijidudu. Vikikosa hewa, vinakula uchafu na kutoa gesi. Ile ya mwanzo haiwaki vizuri, lakini baadaye inazidi methani, na methani inawaka kama gesi ya mtungi.

Hii si hadithi ya darasani tu. Huko Hale, mkoani Tanga, kilijengwa kiwanda cha majaribio miaka ya 2000. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi hazifiki kilo 5. Mabaki yaliyokuwa yanatupwa pamoja na maji machafu yakatoa gesi, na gesi ikaendesha jenereta ya kilowati 150.

Sasa mtasema, basi kila nyumba ifanye. Hapana. Ndoo moja ya maganda haitoshi kuivisha maharage, na mkifungia uchafu kwenye jerikeni, gesi inaweza kuipasua. Kazi hii inataka tanki la fundi na uchafu wa watu wengi. Sokoni kwetu majani na maganda yanaoza kila siku, na maji machafu yanapita mtaroni bure.

Wazazi, naomba tulipeleke jambo hili kwenye mkutano wa zoni: tuombe tanki moja karibu na soko, gesi yake ipikie uji wa watoto shuleni. Na wakati tunasubiri, kuni zisichukue siku za masomo za binti zetu.