Mutwanga: njia ya kupanda Ruwenzori inaota majani

Kutoka Mangina mpaka Mutwanga si mbali kwa mwenye pikipiki. Ni kilometa 30 hivi mpaka mjini Beni, kisha unashika barabara ya Kasindi, unavuka mto Semliki, na mlima unakuwa mbele yako. Zamani mtu alihesabu safari hiyo kwa mafuta na kwa mvua. Leo anauliza kwanza nani alipita jana, wanajeshi wako wapi, na kama magari yanasindikizwa. Wengi wakisikia majibu wanarudisha pikipiki nyumbani.

Hapa Mangina kuna mzee mmoja aliyetoka upande wa Mutwanga. Vijana wa mtaa wanamwita Papa tu. Wakati wa ujana wake alikuwa mpagazi: alibebea wageni mizigo kwenye njia ya mguu inayoanzia Mutsora, kituo cha walinzi wa parki, na kupanda Ruwenzori kwa upande wetu wa Kongo. Sasa anaanika kakao uani kwa mtoto wake. Akigeuza punje juani huku watoto wakimsaidia, ndipo anapotaja vituo vya njia ile kimoja kimoja: Kalonge, Mahangu, Kiondo. Watoto wanavijua kwa kichwa, ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga huko.

Njia yenyewe ni hivi. Siku ya kwanza unaacha mashamba ya Mutwanga, makemba na kahawa, unaingia msitu wa miti mirefu na majani makubwa ya ferni, mpaka Kalonge, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,100. Ni mwendo wa saa tano hivi kwa mtu wa kawaida. Siku ya pili ndiyo inayokumbukwa na wote. Baada ya msitu unakuta mianzi, na baada ya mianzi unaingia kwenye miti ya erika iliyovikwa kuvu la miti na ndevu za ukungu. Hapo huoni ardhi. Mguu unakanyaga mizizi na majani yaliyooza, na ukikosea unazama mpaka gotini. Mpagazi mwenye mzigo kichwani au mgongoni hawezi kuangalia chini kila mara. Anaijua njia kwa unyayo. Mahangu iko karibu mita 3,300. Siku ya tatu unafika Kiondo, kwenye mita 4,200 hivi, katikati ya lobelia na senesio ndefu kuliko mtu, na juu kidogo kuna maziwa madogo ambayo Wabelgiji waliyapa majina ya rangi: ziwa jeusi, ziwa la kijani, ziwa la kijivu. Wengi walikomea hapo, au wakapanda kidogo mpaka kilele cha Wasuwameso ili waone barafu kwa macho, kisha wakageuka. Safari yote ilikuwa kama siku tano. Waliotaka kufika Margherita, mita 5,109, mahali pa juu kuliko pote nchini mwetu, walihitaji kamba, viatu vya chuma na siku zaidi.

Upande mmoja wa haya yote kuna mto Butahu. Unatoka kwenye barafu, umechimba bonde refu lenye makorongo, unashuka mpaka Semliki. Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda kwa bonde hilo mwaka 1891 akafika kama mita 4,000, miaka 15 kabla ya Waitaliano wa Mtawala wa Abruzzi kufika vilele vya juu kupitia upande wa Uganda mwaka 1906. Mwaka 1932 Wabelgiji wakaleta msafara mkubwa ukiongozwa na Xavier de Grunne, wakachunguza mimea, miamba na barafu ya upande wa magharibi. Vitabu vinataja majina yao. Waliobeba mahema, unga na vyombo vyao walikuwa Banande wa kule, ndugu wa Bakonjo wa Uganda, na majina yao hayapatikani kirahisi. Papa wa Mangina hana kinyongo juu ya hilo. Anachosema ni kwamba mzungu alitembea mahali ambapo mwindaji alikuwa amekwisha kutembea, na hilo ni kweli kwa karibu kila njia ya mlimani Afrika.

Bakonjo wanaita theluji nzururu, na huko juu wanasema ni makao ya Kitasamba. Kwa hiyo mzee wa zamani hakupanda ovyo. Alikuwa na sehemu za kunyamaza na sehemu za kuacha kitu kidogo. Wapagazi vijana waliojifunza dini shuleni waliacha hayo, lakini hata wao walishusha sauti wakifika kwenye erika. Labda ni ukungu tu.

Sasa kwa nini njia hiyo inaota majani?

Jibu la haraka ni vita, na ni jibu sahihi. Waasi wa ADF walijificha kwenye Ruwenzori na msitu wa chini yake tangu miaka ya 1990. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yakawa ya kila mara katika teritware la Beni, na baadaye sekta ya Ruwenzori yenyewe, Mutwanga ikiwemo, ikapigwa pia. Parki ya Virunga imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1994. Mei 2018 wageni walitekwa kwenye sehemu ya kusini ya parki, na parki nzima ikafungwa kwa wageni mpaka mwaka uliofuata. Kisha ikaja korona.

Lakini kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana, na watu wa Mangina wanalielewa kuliko wengine. Katika eneo hili njia ya mguu yenyewe imekuwa kitu cha kushuku. Mgeni akionekana anatoka porini na mfuko mgongoni, swali si anakwenda wapi bali ni nani. Agosti 2018 Ebola ilipotangazwa, ikianzia hapa hapa Mangina, timu za afya zilitembea kwenye vichochoro vya mashamba kutafuta waliogusana na wagonjwa, na mahali pengi zilipokewa kwa mawe. Ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa umekwisha Juni 2020. Baada ya hapo, na baada ya mauaji mashambani, mkulima anayekwenda kuvuna kakao yake anatembea na wenzake, anarudi mapema, na kijana anayesema anataka kutembea msituni kwa kupenda tu anaonekana ana kichaa, au ana kitu anachoficha.

Kwa hiyo siku bunduki zikinyamaza, kufyeka majani kutakuwa kazi nyepesi. Kazi ngumu itakuwa kumrudishia mtu ruhusa ya kutembea bila kueleza sababu.

Wanaosema haiwezekani waangalie ng'ambo. Uganda ilifunga parki yake ya Ruwenzori mwaka 1997 kwa sababu ya waasi hao hao wa ADF. Ilifunguliwa tena 2001, na mwaka 2004 ikaondolewa kwenye orodha ya hatari. Leo Bakonjo wa huko wanaongoza wageni, wanabeba mizigo, wanalipwa, na kwenye matope wameweka mbao za kukanyaga. Mlima ni ule ule, na vilele vya Margherita na Alexandra viko juu ya mpaka wenyewe. Tofauti ni kwamba wao walifunga miaka minne, na wapagazi wao walikuwa bado na miguu. Kwetu waliokuwa vijana wakati ule wamezeeka, wengine wamekimbilia Beni, Butembo na huku Mangina, wengine hawapo tena. Barafu nayo haingoji: mwaka 1906 ilifunika zaidi ya kilometa sita za mraba za Ruwenzori, na sasa haifiki hata moja.

Mutwanga haikukaa bure wakati huu wote. Tangu 2013 maji ya mlimani yanazungusha mitambo ya umeme pale, na pakaanzishwa kiwanda cha chokoleti, jambo linalowafurahisha wakulima wa kakao kila wanapolisikia. Maana yake ni kwamba mlima unaweza kulisha watu bila kukatwa. Lakini umeme hauhitaji mtu anayejua wapi pa kuvuka kijito mvua ikinyesha kati ya Kalonge na Mahangu. Ujuzi huo uko kwenye vichwa vya wazee wachache, na haujaandikwa.

Mjukuu wa Papa, mwanafunzi wa sekondari, ameanza kuuandika kwenye daftari la shule: kila kituo, kila maji ya kunywa, mwamba wa kulala ukichelewa. Wakati mwingine wanabishana, maana mzee anapima kwa uchovu na kijana anataka kilometa. Kijana haombi safari ya kilele. Anasema usalama ukiruhusu, waanze na kipande cha kwanza tu, wanafunzi na walinzi wa parki pamoja, bila mgeni hata mmoja. Ukiondoka Mutsora alfajiri unafika Kalonge kabla ya saa sita, unakula fufu na sombe uliyobeba, na jioni uko nyumbani.