Kabla Hujaiamini Orodha ya Protini

Mpwa wangu mpendwa Neema,

Orodha yako ya protini 3,000 nimeipokea kwa furaha kubwa. Kabla hujaipeleka kwa msimamizi wako, nisikilize kidogo.

Mashine yako haikuona protini hata moja kati ya hizo. Ulizikata kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata baada ya lisini na arginini, kisha spektromita ikapima tungamo za peptidi zilizopatikana na za vipande vyake. Majina yametoka kwenye programu. MaxQuant, waliyoitangaza Jürgen Cox na Matthias Mann wa Taasisi ya Max Planck, Martinsried, mwaka 2008, hulinganisha kila spektra na peptidi zinazotarajiwa kutoka kwenye kanzidata, kisha huchagua iliyokaribia zaidi. Na iliyokaribia zaidi karibu kila mara hupatikana, hata kama peptidi yenyewe haimo kwenye kanzidata. Hatari iko hapo.

Ndiyo maana programu huongeza protini bandia, yaani mifuatano ileile iliyogeuzwa kinyumenyume. Ni kama mwalimu: akichanganya kwenye daftari la mahudhurio majina ya wanafunzi wasiokuwepo, kisha akasikia "nipo", hujua darasani kuna wanaoitikia ovyo, na hukadiria ni wangapi. Joshua Elias na Steven Gygi walieleza njia hii kwa kina mwaka 2007. Mimi naithamini kuliko programu yoyote, maana inamlazimisha mtafiti apime makosa yake mwenyewe.

Sasa, umeandika "makosa asilimia 1". Ya peptidi au ya protini? Peptidi za kweli hurundikana kwenye protini zilezile, ilhali za uongo hutawanyika na kila moja huzaa jina jipya. Kwa hiyo asilimia 1 ya peptidi yaweza kuwa kubwa zaidi ukifika kwenye protini, na huzidi kadiri unavyounganisha majaribio mengi. Weka kikomo pande zote mbili. Hata ukifanya hivyo, katika protini 3,000 tarajia kama 30 za uongo. Zile zinazotegemea peptidi moja tu, fungua spektra zake uzitazame kwa macho yako.

Keratini usiishangilie, aghalabu hutoka kwenye ngozi zetu na vumbi. Nafasi tupu kwenye jedwali nazo si sifuri. Ukizijaza kwa makadirio ndani ya programu ya Perseus, liseme hilo waziwazi kwenye maelezo ya mbinu.

Faili ghafi ziweke PRIDE, hazina iliyoko Hinxton, Uingereza. Hawatozi ada, na mwanafunzi wa Morogoro mwenye kompyuta na intaneti ataweza kuzichambua upya bila kumiliki mashine.

Nitumie jedwali la proteinGroups la MaxQuant kama lilivyotoka, pamoja na mistari yenye REV (zile protini bandia) na CON (uchafu kama keratini). Tafadhali usifute hata mmoja.

Mjomba wako