Eminem alijifanya muuaji, lakini uchungu ulikuwa wake

Mtu aliyekimbia nyumba yake usiku kwa sababu ya risasi hana haja ya kuimbiwa mauaji. Ndiyo maana albamu ya Relapse ya Eminem, rapa wa Detroit huko Marekani, si rahisi kusikilizwa na waliopitia vita. Ilitoka mwezi wa tano mwaka 2009. Katika nyimbo nyingi anajifanya muuaji anayewinda watu, kama kwenye filamu za kutisha, na hata lafudhi yake anaigeuza. Midundo karibu yote ni ya Dr. Dre.

Lakini kabla ya kuzima redio, ni vizuri kujua alikuwa ametoka wapi.

Tangu albamu ya Encore ya mwaka 2004, Eminem alikuwa karibu amenyamaza. Mwezi wa nne mwaka 2006, rafiki yake mkubwa, rapa Proof, aliuawa kwa risasi katika klabu moja ya Detroit. Msiba huo ulimkuta tayari ni mtumwa wa vidonge vya maumivu na vya usingizi, na baada yake akazidi kuvimeza. Mwisho wa mwaka 2007 alizidisha dawa iitwayo methadoni, akaanguka nyumbani, akakimbizwa hospitali. Alipona kidogo tu afe. Hata hivyo alirudia vidonge, mpaka alipoviacha mwezi wa nne mwaka 2008.

Jina Relapse lina maana ya kurudiwa na ugonjwa. Kwenye jalada, uso wake umeundwa kwa vidonge vingi sana.

Ukisikiliza vizuri, nyimbo za muuaji si ndizo zinazotisha zaidi. Wimbo Déjà Vu hauna kisu wala maiti gizani. Una baba mwenye watoto anayesimulia jinsi vidonge vilivyokaribia kumuua. Wimbo Beautiful alianza kuuandika akiwa kwenye kituo cha matibabu ya uraibu. Hapo amevua kinyago, na mtu aliyefiwa anaweza kumwelewa.

Albamu ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rap mwaka 2010. Hata hivyo, Eminem mwenyewe alikubali baadaye kwamba zile lafudhi alizipitisha kiasi. Mwaka huohuo alitoa Recovery, jina lenye maana ya kupona, na humo alizungumza waziwazi zaidi kuhusu kifo cha Proof na maisha yake bila vidonge.

Kambini na mtaani pia yuko kijana anayetania mambo ya damu mpaka watu wanamkimbia, na yuko mzazi asiyelala bila kidonge. Wengi huwaita watu wabaya na kuwaacha hapo. Afadhali mmoja akae karibu nao, awaulize polepole: ulimpoteza nani?