Kilima cha Rabai na Mtu Aliyejifunga Mwenyewe

Msafiri atokaye Mombasa kwa barabara ya Nairobi, afikapo Mazeras na kugeuka kulia, baada ya mwendo mfupi huwa ameingia nchi ya Warabai. Minazi imesimama pande zote mbili za njia, vilima vyafuatana, na msitu wa kaya, ambao wazee waliuhifadhi tangu kale, ungalipo. Hapa, mwaka 1846, Wajerumani wawili waliotumwa na C.M.S., Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walipewa ruhusa na wazee wa nchi kukaa kati yao.

Watu wengi humkumbuka Rebmann kwa theluji ya Kilimanjaro, aliyoiona mwaka 1848 na kuandika habari zake, hata wataalamu wa Ulaya wakamcheka. Lakini nilipokwenda Rabai katika likizo yangu, jambo lililonishika zaidi ni hesabu ya miaka. Rebmann alifika akiwa kijana wa miaka 26. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa na miaka 55, naye ni kipofu. Katika miaka hiyo 29 hakurudi Ulaya hata mara moja.

Hakuna aliyemzuia. Krapf, kwa ajili ya ugonjwa, alirudi kwao mwaka 1853. Mkewe Rebmann, Emma, alifariki mwaka 1866. Waliobatizwa walikuwa wachache mno, na vita vya Wamasai viliwahi kumlazimu kukimbilia Unguja. Kila moja ya mambo hayo lingetosha kuwa sababu ya kufunga mizigo. Yeye alirudi palepale kilimani, akaendelea kukusanya maneno ya lugha za watu na kuyaandika. Uhuru wa kwenda atakako alikuwa nao. Aliuweka chini kwa hiari yake, kwa kuwa aliamini ndiko Mungu alikomwita.

Hapa yafaa tusimame kidogo, tusije tukasifu bila kupima. Mmoja wa walimu wake wa lugha alikuwa Salimini, mtu wa upande wa Nyasa, aliyekuwa mtumwa mjini Mombasa. Kwa maneno ya Salimini, Rebmann alitunga kamusi ya Kinyasa iliyopigwa chapa mwaka 1877, baada ya kufa kwake. Watu wawili waliketi pamoja kazini, kila mmoja mbali na kwao. Lakini mmoja alijifunga, na mwingine alifungwa. Uhuru autoao mtu kwa imani ni sadaka. Uhuru anyang'anywao mtu ni dhuluma, wala hauwi sadaka kwa kuhimizwa avumilie.

Neno hilo Rabai yenyewe ililithibitisha. Rebmann aliongozwa hadi Ulaya na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, akafariki mwaka 1876. Baada yake watumwa waliotoroka walikimbilia misheni, nao walipata kimbilio chini ya William Jones, Mwafrika ambaye mwenyewe aliokolewa utumwani na kusomeshwa India. Wenye watumwa walipowadai, Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza alilipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889, papo hapo Rabai, hati za uhuru zikatolewa kwa watu wapatao 1,400, wa hapo na wa misheni za jirani.

Rebmann hakuiona siku ile, wala hatuwezi kusema kwamba aliipanga. Lakini kama hapangekuwa na mtu wa kukaa miaka yote ile, huenda pasingekuwa na mahali pa kukimbilia.

Anayetaka kujionea na aende. Makumbusho ya Krapf yako huko, na kanisa la Mtakatifu Paulo li karibu. Nasi tulio wakulima na makarani, ambao mara nyingi husikia mahubiri ya kujitoa, tushike kipimo hiki: mwenye kujitoa kweli hubeba mzigo wake mwenyewe, hawatwishi wengine kisha akauita ibada.